Kibanda Chenye Kitufe Kimoja

Kibanda cha jaji wa goli kina kitufe kimoja tu. Katika hoki ya barafuni, ukiona kile kisahani cheusi cha mpira kimevuka mstari wa goli, unabonyeza, taa nyekundu inawaka juu ya kichwa chako, na mji mzima unaruka juu. Usipoona kitu, hubonyezi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, basi. Kitufe cha kusema "jamani, nimekosea" hakikuwekwa. Aliyebuni mambo hayo nadhani aliwaona majaji wa goli ni malaika.

Lorne Haapala hakuwa malaika. Alikuwa jaji wa goli la kaskazini katika Banda la Kelsing kwa misimu minne, na katika misimu hiyo yote alikosea mara moja. Hiyo mara moja ndiyo iliyomla maisha yake, kidogo kidogo, kama mchwa na mlango.

Siku Corinne Boychuk wa maktaba alipobisha hodi na bahasha nene kwapani, Lorne alijua kabla hajafungua kwamba siku zake za kujificha zimehesabiwa.

"Mzee Haapala, kitabu kimekwisha!" Corinne alivua buti mlangoni, akaingia jikoni na soksi, akajimiminia kahawa bila kungoja kukaribishwa. "Historia nzima ya Banda. Miaka sabini. Jumatatu kinakwenda kiwandani kuchapwa."

"Hongera, binti."

"Hongera nini, wewe hujakisoma. Soma, uniambie nilipokosea."

Akasoma, maana hakuwa na pa kukimbilia. Na yule binti, mtu asimnyime haki yake, alikuwa amefanya kazi. Alieleza jinsi vita vilivyokwisha na jeshi likaacha hanga la ndege huko kusini, wachimba nikeli wa Kelsing wakaenda wakalifungua bamba kwa bamba, bolti kwa bolti, wakalileta kwa malori ya magogo na kulisimamisha kando ya mto mwaka 1948. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaliita Banda, ingawa kibao cha mlangoni kimeandikwa Uwanja wa Stan Mazurek. Miaka minane ya kwanza barafu yake ilikuwa ya Mungu tu: mwezi wa kumi na moja madirisha yalifunguliwa, watu wakamwaga maji kwa mpira wa bustani, baridi ikamalizia kazi. Mwaka 1956 theluji ikaliporomosha paa. Wakajenga tena, na safari hii wakatandaza chini mabomba ya amonia ya kugandishia barafu.

Ukurasa wa arobaini ulihusu komeo. Mwaka 1961 mlevi mmoja aliingia katika kibanda cha jaji wa goli akamvunja taya, eti kakubali bao la wageni. Kamati ikaamua kibanda kifungwe kwa komeo. Fundi alikuwa na haraka, akalipigilia kwa nje. Hakuna aliyejisumbua kulihamisha. Tangu siku hiyo jaji anafungiwa ndani kama kuku, na hatoki hadi bawabu akumbuke kuja kumfungulia.

Halafu akafika ukurasa wa tisini na mbili. Picha ilijaza ukurasa mzima. Jumapili, Machi 1977, sekunde kumi na moja kabla ya mwisho, fainali. Golikipa wa Sainte-Odile amelala kifudifudi mbele ya goli, Stan Mazurek, mshambuliaji wa Kelsing, amenyanyua gongo, taa nyekundu inawaka. Kisahani chenyewe hakionekani. Nyuma ya kioo, mdogo kama panya mtegoni, yuko kijana wa miaka ishirini na sita, kidole kwenye kitufe.

"Hapo ndipo ninapokutaka," Corinne akasema. "Kibanda tumekikarabati. Kitufe kilekile, balbu mpya. Jumapili kwenye sherehe utakaa ndani, na Fernand atasimama kwenye barafu na kipaza sauti. Nikikupungia mkono, unabonyeza. Mji utalia machozi, Mzee Haapala!"

"Fernand amekubali?"

"Amekubali mwenyewe. Anasema ana neno."

Lorne akafunga kitabu.

Sasa, Fernand Cloutier ni nani? Ni huyohuyo aliyelala kifudifudi katika picha. Mtoto wa Sainte-Odile ng'ambo ya mto, golikipa hodari, klabu kubwa za kusini zilikuwa zimeshaanza kumnyemelea. Jumapili ile alibaki peke yake kwenye chumba cha wageni, kidevu kimepasuka, wenzake hawataki hata kumtazama. Irja Haapala, dada yake Lorne, alikuwa akikaanga viazi kwenye kibanda cha chakula. Akamwonea huruma, akampelekea barafu kwenye taulo. Miaka miwili baadaye wakaoana, na Fernand akahamia Kelsing, katikati ya watu waliomfunga. Mapenzi hayana macho, na pua hayana pia, maana Fernand hakunusa alikuwa anaingia wapi.

"Funga miguu!" Ndiyo salamu aliyopewa na mji mzima, eti bao lilipita katikati ya miguu yake. Akiingia kwa kinyozi: funga miguu, Fernand! Akipanda mimbari kusoma neno kanisani, kuna mtu nyuma atakohoa: funga miguu. Siku ya harusi yake mwenyewe, baba mkwe alipomkabidhi bibi harusi alimwambia hivyohivyo, ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Watoto wa Lorne walizaliwa, wakajua kusema mama, baba, na "funga miguu, anko!"

Fernand kila mara alijibu neno moja, kwa utulivu: "Halikuingia. Nilikilalia kile kisahani. Nilisikia baridi yake hapa, pajani." Na kila mara mezani pakawa na kicheko kikubwa zaidi. Sainte-Odile nao walimwita kipofu, klabu za kusini zikanyamaza, akatundika viatu vya barafuni akiwa na miaka ishirini na minne, akaajiriwa kuendesha trekta la theluji la mji.

Na Lorne? Lorne alicheka na wenzake, akapitisha bakuli la viazi. Kila Jumapili. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema walisema.

Maana Lorne alikuwa ameketi mita moja tu kutoka pale. Aliona vizuri mno. Stan alipiga, kidole cha Lorne kikatangulia macho, akabonyeza, na taa ilikuwa imeshawaka kisahani kilipopotea chini ya paja la Fernand, nje ya mstari. Nje! Kisha watu sita wakamwangukia Fernand, rundo zima likasukumwa ndani ya nyavu pamoja na kila kilichokuwa chini yake, na baada ya hapo hakuna awezaye kuapa lolote. Refa alikuja hadi kwenye kioo, akainama kwenye matundu ya kusemea, akauliza, "Liliingia?"

Mbele yake refa. Nyuma yake mlango mwembamba wa mbao, na nyuma ya mlango watu elfu tatu wakiimba, na komeo liko upande wao. Lorne alijaribu kusema. Badala yake akainamisha kichwa kukubali.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Ya Lorne ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na moja, na ilipita katikati ya sebule ya dada yake.

Jumamosi mchana, kama kila Jumamosi, Fernand alikuja sauna, kuoga mvuke. Chumba kile kidogo cha mbao uani alikijenga baba yake Lorne, na humo wanaume wawili wamekaa uchi bega kwa bega, wakitokwa jasho, tangu mmoja alipokuwa na nywele na mwenzake hana kitambi. Watu wa kabila la Lorne wanasema ndani ya sauna mtu hasemi uongo. Lorne alikuwa hasemi kabisa.

Fernand akapanda benchi taratibu. Kifuani alikuwa na kovu jipya la upasuaji, jekundu, refu kama zipu.

"Shemeji, leo mvuke wa kiungwana," akasema. "Daktari anasema moyo huu nimeazimwa, nikiuharibu naulipa."

"Wewe nawe. Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikuwa natania." Akajifuta uso. "Kesho nitasema liliingia."

Lorne alidhani hakusikia vizuri. "Utasema nini?"

"Kwamba liliingia. Mbele ya kila mtu. Nitaomba radhi kwa ubishi wangu, yule binti aandike, yaishe."

"Lakini wewe... siku zote unasema ulikilalia."

"Siku zote nilikuwa mmoja na wao elfu tatu. Mtu akiambiwa kila siku kwamba yeye ni kipofu, shemeji, mwisho ataanza kupapasa kuta." Fernand alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio. "Pale kitandani hospitali nililala nikifikiri. Nikasema, Fernand, labda ni kiburi tu. Labda ile baridi ya pajani ilikuwa barafu. Na tena, aliyekuwa karibu ni nani? Ni Lorne. Angekuwa mtu mwingine ningemtilia shaka. Lakini Lorne? Hata kwenye karata akidanganya masikio yanamwiva!"

Mawe juu ya jiko la sauna yalikuwa yakitoa moto. Lorne alihisi kuta nne za mbao zinasogea. Sema sasa, akajiambia. Sema, mwanaume, mko wawili tu, hata nguo hamna. Maneno yalipanda hadi kwenye ulimi.

"Fernand."

"Naam."

"Niongeze maji?"

"Ongeza kidogo."

Akaongeza. Mvuke ukapanda, ukamficha kila mmoja na mwenziwe. Ole wake mtu yule! Nafasi aliyoingoja maisha yake yote alipewa mkononi, akaimwaga kwenye mawe.

Usiku kucha hakupata usingizi, na asubuhi kahawa ilimshinda. Irja alipiga simu: "Uvae tai. Na uzuie watu wasimwite Fernand lile jina leo, tafadhali. Kaka, hujui anavyolia. Analia bafuni, amefungulia maji ili nisisikie. Yeye anadhani sisikii." Lorne alisema sawa, sawa, akakata simu, akakaa kwenye ngazi na tai mkononi kama anayeshangaa kamba ya nini.

Saa nane mchana Banda lilikuwa limejaa hadi kwenye mihimili. Walikuwepo wazee wa mgodini, wajukuu wao wenye jezi, watu wa Sainte-Odile wachache waliokuja kutaniwa, na meya na mnyororo wake shingoni. Katikati ya barafu walitandika zulia jekundu, na juu ya meza palikuwa na keki kubwa kama mlango: miguu miwili ya krimu nyeupe, na katikati ya miguu, kisahani cha chokoleti.

Corinne alimwongoza Lorne hadi kibandani. Harufu ilikuwa ileile ya mpira, mbao mbichi na amonia kwa mbali. Kiti kilekile. Kitufe kilekile cheusi, kimeng'aa kwa vidole vya watu.

"Kama zamani!" Corinne akasema kwa furaha, akafunga mlango, na Lorne akasikia komeo likipita. Krak.

Hotuba zilipita, hata moja hakuisikia. Kisha Fernand akatembea juu ya zulia na mkongojo wake, na Banda zima, kama mtu mmoja, likaunguruma: "Funga mi-guu! Funga mi-guu!" Fernand akasimama, akabana magoti, kwa mzaha. Watu walicheka hadi wakashikana. Irja, mstari wa mbele, hakucheka.

"Asanteni," Fernand akasema kwenye kipaza sauti. "Nimekaa nanyi miaka mingi. Mmenilisha, mmenizikia wazazi, na theluji yenu nimeizoa. Kitu kimoja tu tuligombana. Leo nataka kumaliza ugomvi." Akaegemea mkongojo. "Liliingia. Lile bao la Stan liliingia, na mimi nilikuwa mbishi tu. Mniwie radhi."

Halafu makofi, ya watu waliosimama, na wengine wanafuta macho kweli. Walikuwa wanampenda, hilo ndilo balaa lake. Corinne akageuka upande wa kibanda, akapunga mkono: sasa!

Lorne akaondoa kidole kwenye kitufe.

Corinne akapunga tena. Taa haikuwaka. "Balbu imekufa!" mtu akapiga kelele. "Lorne kasinzia! Mwamsheni mzee!"

Akainuka. Akasukuma mlango wa nyuma, komeo likakataa. Akasukuma kwa bega, likakataa. Basi akageukia kioo, akakigonga kwa viganja vyote viwili, akapaza sauti, "Halikuingia! Mnanisikia? Halikuingia!"

Lakini kwenye Banda la Kelsing, mtu akigonga kioo anashangilia. Wamefundishwa hivyo tangu wakiwa mgongoni. Waliokaa karibu walimwona mzee mwenye tai akigonga kioo, machozi yakimtiririka, mdomo wazi, na wao wakaruka na kukigonga wakimjibu. Safu ya pili ikafuata, na ya tatu. Uwanja mzima ukawa unagonga vioo, bamba bamba bamba. Kadiri Lorne alivyolia, ndivyo walivyomshangilia. Sauti yake mwenyewe hakuisikia tena.

Fernand peke yake hakugonga. Alimtazama Lorne kwa muda, akateremka kwenye zulia, akaja juu ya barafu kwa hatua za mtu anayeijua, mkongojo ukitangulia, hadi kwenye matundu ya kusemea. Akainama, palepale alipoinama refa.

"Nini, shemeji? Kitufe kimegoma?"

"Halikuingia, Fernand."

"Sema tena."

"Ulikilalia. Nje ya mstari, umbali wa kiganja. Nilikiona. Nilibonyeza mapema, kidole kilitangulia, na refa aliponiuliza... niliogopa. Niliwaogopa hawa." Lorne aliegemeza paji la uso kwenye kioo. "Nisamehe. Nisamehe, ndugu yangu."

Uso wa Fernand ulipauka, kisha ukawaka. Nyuma yake watu walikuwa bado wanagonga.

"Irja anajua?"

"Hajui mtu. Mimi tu."

"Na mimi," Fernand akasema. "Miaka yote hiyo nilijua. Jana ndiyo nilikuwa nimeacha kujua. Jana, Lorne! Nilikuambia nimeacha kujiamini mwenyewe, na wewe umekaa pembeni yangu uchi, ukaniuliza kama uongeze maji."

Fernand akaondoka pale kwenye kioo. Akapita kwenye lango la wachezaji, akazunguka nyuma ya viti, na Lorne akausikia mkongojo wake ukija kwenye sakafu ya mbao, tok, tok, ukasimama nyuma ya mlango. Mkono ukagusa komeo. Lorne akajiandaa: kwa ngumi, kwa kukumbatiwa, kwa lolote, mradi mlango ufunguke.

Komeo likasukumwa ndani zaidi, hadi mwisho.

"Mimi nimekaa humo miaka arobaini na moja," Fernand akasema kupitia ubao, kwa sauti ya chini. "Wewe kaa kidogo."

Corinne alikuwa amefika mbio, anahema. "Mzee Cloutier, kuna nini? Mtoe, kila mtu anamngoja! Picha!"

"Akitoka mpe kalamu, na ule ukurasa wako wa tisini na mbili. Ana neno la kuandika."

"Atatoka saa ngapi sasa?"

"Nikimaliza keki."

Kupitia kioo Lorne alimwona akirudi mezani, akimnong'oneza Irja kitu kirefu sikioni, na Irja akigeuza kichwa polepole kuelekea kibandani. Fernand akachukua kisu. Hakukata miguu ya krimu. Alikichokoa kile kisahani cha chokoleti, akakaa kitini, akatanua miguu, akaanza kula bila haraka.

Lorne akaketi. Watu waliendelea kugonga kioo, wakimshangilia.